Tiketi ya Televisheni

Walionisoma Jumamosi iliyopita waliniacha nimesimama mlangoni kwangu pale mtaani Ziwani, televisheni mpya ikiwa nyuma yangu, watoto wa laini nzima ya nyumba zetu mbele yangu, na kioo cha dirisha kikiwa vipande vipande chini ya miguu yangu. Nilikuwa nimeapa kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtoto atakayetazama televisheni nyumbani kwangu bila utaratibu.

Kwa ambaye hakunisoma, nijitambulishe upya. Mimi ni Zedekiah. Mwaka huo wa 1983 nilikuwa mkaguzi wa tiketi katika magari ya moshi ya abiria. Mke wangu Anyango alifanya usafi kwenye zahanati ya Baraza la Jiji. Tulikuwa na binti mmoja, Rispa, aliyekuwa darasa la saba akingojea mtihani wa CPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, mwezi wa kumi na moja. Walimu wake walisema kama kuna mtoto wa shule ile atakayeitwa shule ya bweni ya maana, basi ni yeye. Katika mambo yote nitakayosimulia, mengine unaweza kuyacheka ukipenda. Mtihani ule usiucheke.

Sasa nije kwenye utaratibu.

Nyumbani nilikuwa na koleo la kutobolea tiketi. Kila mkaguzi hupewa lake, na kila koleo hutoboa tundu la umbo lake, ili tiketi ikipatikana na kasoro ijulikane ni nani aliyeipitisha. Langu lilitoboa pembe tatu yenye mkia. Watoto waliiita samaki.

Kisheria koleo hurudishwa ofisini zamu ikiisha. Hilo halikurudi. Nilikuwa nimeripoti kwamba limepotea ndani ya gari la Kisumu, nikapewa jingine la umbo tofauti. Usiniulize kwa nini nilifanya hivyo. Nilikuwa nimelishika miaka tisa na sikutaka kuachana nalo, basi.

Nikawapanga watoto foleni. Walikuwa kumi na mmoja.

"Sikilizeni," nikasema. "Televisheni si uji kwamba kila mtu anakunywa anavyotaka. Kila jioni mtoto atakuja na daftari. Nikiona kazi ya shule imekwisha, nitatoboa ukurasa, aingie. Saa moja peke yake. Kumi na moja na nusu mnaingia, kumi na mbili na nusu mnashuka."

"Tunashuka wapi, Baba Rispa?" akauliza Ngigi, mtoto wa Mbuthia seremala. "Kwani hii nyumba inaenda?"

"Wewe lete daftari."

Jioni iliyofuata walikuja kumi na mmoja na madaftari kumi na moja. Nikavaa kofia ya kazi. Nikatoboa moja baada ya jingine, ka, ka, ka, nao wakaingia kwa adabu ambayo mama zao hawajawahi kuiona. Wakavua viatu bila kuambiwa. Ilipofika kumi na mbili na nusu nikasema, "Mwisho wa safari!" na wote wakatoka.

Mtu akiniambia kwamba kulea watoto ni kazi ngumu, siku hiyo ningemwonea huruma.

Lakini nimekuja hapa kuungama, basi niungame. Nilisema nilikuwa nikikagua kazi ya shule. Ukweli ni kwamba nilikagua kama ukurasa umejaa. Katika miaka tisa ya kazi sijawahi kumuuliza abiria anaenda Kisumu kufanya nini. Ana tiketi, hana tiketi, basi. Madaftari nayo niliyatazama hivyo hivyo.

Rispa je?

Rispa nilimpiga marufuku kabisa. Mtahiniwa hatazami televisheni. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja kikubwa kilichokatwa kwa pazia. Huku ilikuwa sebule, kule kulikuwa na kitanda na meza ndogo ya Rispa. Wenzake wakiingia, yeye alikwenda nyuma ya pazia na vitabu vyake.

"Baba, hata katuni za mwanzo?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Hata katuni."

"Lakini sauti nitaisikia."

"Sauti haina neno. Macho ndiyo yanayoharibu."

Hayo nilikuwa nimeyatunga papo hapo, lakini nilivyoyasema yalisikika kama yametoka kwa daktari. Rispa akaitika "Sawa, Baba," akaenda. Yeye hakuwa mtoto wa kubishana. Ningekuwa na akili, hilo ndilo ningeliogopa.

Na mimi mwenyewe? Nilikwenda kwa mpanga zamu nikabembeleza nipewe magari ya asubuhi, ya karibu karibu, ili saa kumi na moja niwe nyumbani. Nikamwambia nina watoto wa kusimamia. Watoto walipotoka kumi na mbili na nusu, mimi nilibaki. Nilitazama habari, nikatazama hali ya hewa, nikatazama hata kipindi cha kilimo cha pareto, mimi ambaye sina shamba la pareto wala jamaa mwenye nalo. Jumamosi palipokuwa na mieleka nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Anyango aliniangalia wiki nzima akiwa amekunja mikono. Mwisho akasema, "Na wewe, tiketi yako imetobolewa na nani?"

"Mimi ni mfanyakazi," nikamjibu. "Mfanyakazi hasafiri kwa tiketi."

Akaguna, akaenda zake kuosha vyombo. Anyango akiguna namna ile ni afadhali akutukane.

Utaratibu wangu ukapata sifa. Mbuthia alinikuta njiani akitoka kazini Gikomba, vumbi la mbao likiwa nywele nzima, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Baba Rispa, wewe ni mtu," akasema. "Huyu Ngigi wangu nilikuwa namchapa asome, hasomi. Sasa akitoka shule anakimbia na daftari kama amepagawa. Mama yake anauliza ni dawa gani umempa."

"Ni utaratibu tu," nikasema, nikijifanya mnyenyekevu.

Habari ikafika shuleni. Mwalimu mkuu, Bi. Lydiah Wakiuru, mama mkali aliyevaa saa ya kiume, akanialika nizungumze kwenye mkutano wa wazazi juu ya watoto na televisheni. Nilipewa dakika kumi. Nilizungumza arobaini. Niliwaambia wazazi kwamba mtoto anahitaji mipaka, kwamba mzazi lazima awe mfano, kwamba televisheni ni mtumishi mzuri lakini ukimwachia funguo anakuwa mwenye nyumba. Nikapigiwa makofi. Siku hiyo nilitoka mbio kabla ya chai kwa sababu kulikuwa na kipindi cha polisi sikutaka kinipite.

Mwezi wa tisa, Jumatano moja, Ngigi akaniletea kijibarua kutoka kwa mwalimu mkuu. Nilitakiwa ofisini kesho yake saa nane mchana, juu ya utaratibu wangu wa televisheni.

Nikamwambia Anyango, "Unaona? Sasa wanataka nizungumze na shule nyingine."

"Wamesema hivyo?"

"Watasema nini kingine?"

Nikavaa suti ya kanisani. Nikapaka viatu rangi mara mbili. Njiani nilikuwa nikijifanyia mazoezi ya namna ya kukataa sifa ya kwanza na kukubali ya pili.

Niliingia ofisini nikakuta watu watatu. Bi. Wakiuru alikuwa nyuma ya meza yake. Kando yake alikaa Bwana Nalianya, mwenyekiti wa kamati ya shule. Huyu Nalianya, msomaji wangu, ndiye pia aliyekuwa mkubwa wangu wa kazi kule stesheni. Wa tatu alisimama pembeni, mikono nyuma, macho chini. Alikuwa Rispa.

Juu ya meza kulikuwa na madaftari kumi na mawili.

"Keti, Bwana Zedekiah," akasema Bi. Wakiuru. "Utupe msaada kidogo. Wanaume kumi wanachimba mtaro kwa siku sita. Je, kuumaliza kwa siku nane watahitajika wanaume wangapi?"

Nikacheka. Nikadhani ni mzaha wa kukaribisha mgeni.

"Usijisumbue," akasema. "Mtoto wa Mbuthia anasema ni wanaume saba na nusu."

"Ngigi huyo," nikasema. "Nusu mwanaume atampata wapi?"

"Sijui. Maana wenzake wa laini yenu walio darasa moja naye wanasema saba na nusu. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza huyo nusu atashikaje jembe. Na wote kumi na mmoja, wa kila darasa, wameandika kwa hati moja."

Akafungua madaftari, moja juu ya jingine. Hati ilikuwa nadhifu, imelala kidogo upande wa kulia. Niliijua kabla sijaona vizuri. Mimi ndiye niliyemfundisha kuandika, juu ya karatasi za zamani za ratiba ya treni.

"Rispa," akasema mwalimu, "mwambie baba yako."

Rispa akasema bila kuinua macho. "Nilikuwa nawafanyia. Tukitoka shule saa kumi, tunakaa kule mferejini, kwenye bomba la maji, nawaandikia mpaka saa ya kuingia."

"Wanakulipa nini?" nikauliza.

"Wananihadithia."

"Wanakuhadithia nini?"

"Walichoona." Sasa akaniangalia. "Mimi nasikia tu, Baba. Nasikia watu wanacheka, nasikia mlango umegongwa, mtu anapiga kelele, halafu kimya. Sijui kumetokea nini. Silali nikifikiria. Asubuhi tukienda shule wananiambia. Ngigi ananionyesha mpaka namna walivyoanguka. Lakini Ngigi hunificha mwisho mpaka nimfanyie na ya Kiingereza."

Hakuna aliyecheka. Katika laini nzima ya Ziwani mtoto mmoja tu alikuwa hatazami televisheni, na huyo mmoja ndiye ambaye televisheni ilimmeza mzima.

"Na hili?" Bi. Wakiuru akasukuma daftari la kumi na mbili. Lilikuwa la Rispa. Tangu mwezi wa saba kurasa zilikuwa nyeupe. "Mwalimu wa hesabu alikuwa hakagui la kwako kwa sababu anakuamini. Kwa nini hukufanya kazi yako mwenyewe?"

"Muda ulikuwa hautoshi, mwalimu," akasema. "Na yangu haikuwa na haja. Mimi siingii."

Nikaona aibu, nawaambia ukweli, aibu ya kunitoa jasho ndani ya suti. Nilitaka kusimama niseme kosa ni langu. Nilikuwa nimekwisha kushika mikono ya kiti.

Ndipo Bwana Nalianya akainua daftari la Ngigi juu kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja, akachungulia kupitia lile tundu.

"Pembe tatu yenye mkia," akasema polepole. "Zedekiah, hili tundu nalijua. Koleo lake lilipotea ndani ya gari la Kisumu. Ripoti uliandika wewe, sahihi niliweka mimi."

Nikaiachia mikono ya kiti.

"Sasa nisaidie," akaendelea. "Kama koleo limepotea, nani anatoboa madaftari ya watoto? Kama halikupotea, basi niliweka sahihi kwenye uongo. Mtu aliyeficha chombo cha Reli na kudanganya kwa maandishi, unajua huwa anakwenda wapi. Hata pensheni haimsindikizi."

Nilifikiria kazi. Nilifikiria nyumba, maana nyumba ya Ziwani bila mshahara ni ya mwezi mmoja tu. Naapa nilifikiria pia karo ya shule ya bweni, nikajiambia ninamfikiria Rispa.

Bwana Nalianya hakuwa mtu mbaya. Nadhani alinihurumia. Alishusha daftari akasema, "Au mtoto ndiye aliyelichukua? Watoto huchukua vitu. Pengine wewe ulidhani limeanguka ndani ya gari, kumbe lilitolewa mfukoni ukiwa umelala."

Mlango aliufungua yeye. Lakini aliyepita ni mimi.

"Inawezekana," nikasema.

"Inawezekana, au ndivyo?"

"Ndivyo," nikasema. "Sasa naona ndivyo."

Bi. Wakiuru alinitazama kwa muda mrefu. Yeye, tofauti na Bwana Nalianya, alikuwa kwenye ule mkutano. Alinisikia dakika zote arobaini. Nilimsimulia mwenyewe, mbele ya wazazi mia mbili, kwamba natoboa kwa mkono wangu. Alikuwa akijua, nami nilijua kwamba anajua. Lakini hakunigeukia mimi.

"Rispa," akauliza, "ni wewe uliyeiba koleo la baba yako?"

Ilikuwa rahisi aseme hapana. Kulikuwa na watoto kumi na mmoja wa kumtetea.

Rispa aliangalia suti yangu, akaangalia viatu vyangu, kisha akaangalia ukuta.

"Ndiyo, mwalimu," akasema. "Ni mimi."

Bi. Wakiuru akafunga madaftari. "Vizuri. Kuwafanyia wenzake kazi ningemwadhibu nikayamaliza hapa. Wizi wa chombo cha serikali siwezi. Bwana Nalianya anahitaji maandishi kwa ajili ya faili lake, na mimi nayahitaji kwa ajili ya kamati. Kesho saa mbili asubuhi utaniletea koleo hilo, na barua ya mkono wako, ikieleza kwamba binti yako aliliiba, lini na namna gani. Kamati itaisoma, kisha itaamua kama jina lake libaki katika orodha ya watahiniwa au liondoke."

"Liondoke?" nikauliza. "Mwalimu, mtihani ni wiki saba tu."

"Najua tarehe," akasema. "Na kama una maelezo mengine, Bwana Zedekiah, unaweza kuyaandika kwenye barua hiyo hiyo. Karatasi haichagui."

Tulirudi nyumbani. Rispa alitembea hatua mbili mbele yangu.

Saa kumi na moja watoto walikuwa wamekwisha kufika mlangoni. Hawakuwa na habari yoyote. Ngigi alikuwa wa kwanza, daftari jingine mkononi, ukurasa umejaa.

"Niaje, Rispa," akasema. "Mbona leo hukuja mferejini? Nimejiandikia tu, hata sijui ni nini."

Rispa akampita, akaingia ndani.

"Hakuna safari leo," nikawaambia.

"Imeharibika?"

"Nendeni nyumbani."

Nikafunga mlango. Nikaketi mezani na karatasi na kalamu. Nikaandika tarehe. Nikaandika "Kwa Mwalimu Mkuu." Nikaandika "Mimi Zedekiah." Hapo kalamu ikakataa. Nilikaa nikitazama jina langu.

Rispa alikuwa amesimama kando ya pazia, bado na sare ya shule. Sikuweza kumwangalia usoni. Nikafanya kitu cha kijinga kuliko vyote nilivyofanya mwaka ule. Niliinuka nikawasha televisheni, nikasogeza kiti kizuri mbele yake, kile cha kwangu.

"Kaa," nikasema. "Leo tazama. Tazama mpaka mwisho, hakuna atakayekuambia shuka."

Picha ikaja. Katuni zilikuwa zimeanza. Miezi miwili alikuwa akisikia sauti zile nyuma ya kitambaa.

Hakugeuza hata shingo.

"Baba, umeandika mpaka wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Akasoma mistari yangu mitatu. Akavuta kigoda, akakaa, mgongo wake ukielekea televisheni, akaitoa kalamu mkononi mwangu.

"Lete nikuandikie," akasema. "Wewe utachelewa. Tuseme nililitoa kwenye koti. Tukisema begi, Mama atajua ni uongo, kwa sababu begi lako hufunga yeye."

"Rispa..."

"Tuseme ilikuwa Jumapili, ukiwa umelala baada ya kanisa. Utaweka sahihi tu."

Na mimi, baba yake, mhubiri wa mipaka, nilisimama nikamwacha. Aliandika haraka, kwa ile hati iliyolala upande wa kulia, kama alivyowaandikia wale kumi na mmoja. Nyuma yake vikaragosi vilikuwa vikifukuzana na kuangukiana, na hakuna aliyevitazama. Alipomaliza aliipuliza ikauke, akaigeuza upande wangu, akaniwekea kalamu juu yake.

Nilikuwa bado sijaigusa mlango ulipofunguka. Anyango aliingia na kikapu cha mboga ya sukuma, viatu vya zahanati mkononi. Aliona kiti changu kitupu mbele ya televisheni inayowaka, akashangaa. Kisha akaona karatasi.

"Mmemwandikia nani?" akauliza, akaichukua kabla sijaweka mkono.

Akasoma kwa sauti, kama anavyosoma barua zote zinazotoka kijijini. "'Mimi Zedekiah nathibitisha kwamba binti yangu Rispa aliniibia...'"

Akasoma mstari huo tena, kimya. Akasogeza karatasi karibu na dirisha.

"Baba Rispa," akasema, bila kupandisha sauti hata kidogo, "haya maneno ni yako, lakini hati ni ya mtoto. Kabla sijaweka hiki kikapu chini, mmoja wenu aniambie ni nani ameiba."

Rispa akafungua mdomo kujibu.